Kuunga monita mbili au tatu kwenye laptopu moja: tazama matundu kabla hujatoa hela

Hili swali nimeshalijibu kwa simu, kwa meseji, kwa voisi za dakika nne nne, na bado linarudi lile lile: "nimenunua monita mbili na ile HDMI yenye mkia mmoja vichwa viwili, nimechomeka, mbona zote zinaonyesha kitu kimoja?" Nikaona bora niandike kila kitu sehemu moja, mtu asome taratibu huku laptopu yake iko mbele yake.

Wa mwisho kuuliza alikuwa mdogo wangu. Anashika hesabu za maduka matatu, kutwa nzima anahama kati ya Excel, risiti alizoskani na barua pepe za wateja, na alishatoa hela Kariakoo kununua hicho kidude cha vichwa viwili kwa sababu muuzaji alimhakikishia kitafanya kazi. Iliniuma kweli, maana kile kidude kazi yake ni kugawa picha moja iende sehemu mbili, kama unavyoona TV mbili za baa zinaonyesha mechi moja. Hakiwezi kukupa Excel huku na risiti kule, hata ukinunua cha bei gani.

Kwa hiyo shika hili kabla ya yote: laptopu ndo inaamua unaweza kuwasha skrini ngapi, na matundu yake ndo yanaamua utumie waya gani. Ukianzia dukani kwenye waya umeanzia mwisho.

Vitu vya kuwa navyo

- Laptopu na chaja yake. Usifanye hii kazi kwa betri, laptopu nyingi zikiwa kwenye betri zinabana nguvu na utachanganyikiwa tatizo liko wapi.
- Monita zako na waya zake za umeme. Kama ni za mtumba, zile zinazotoka Uingereza zinakuja na plagi ya pini tatu za bapa kama soketi zetu, za Ulaya bara na Marekani utahitaji kubadilisha waya. Geuza monita usome nyuma, iwe imeandikwa 100-240V.
- Ekstensheni nzuri yenye pini ya ethi inayofanya kazi. Laptopu na monita zote chomeka kwenye ekstensheni hiyo hiyo moja, itapunguza ule mwasho kama shoti unaousikia ukigusa chuma cha laptopu.
- Kebo za picha, ila HIZI USINUNUE BADO. Zitakuja hatua ya tatu.
- Mausi na kibodi za nje kama unataka kufunga kifuniko cha laptopu.

Na ukienda kununua monita ya mtumba usikubali kuonyeshwa imewaka tu na maandishi ya rangi. Omba wakuunganishie kompyuta, fungua ukurasa mweupe mtupu kisha mweusi mtupu, hapo mistari na madoa yote yatajitokeza, na bonyeza vitufe vyake vya menyu kimoja kimoja maana vikifa utapata shida baadaye kwenye kuchagua tundu.

Hatua kwa hatua

1. Jua laptopu yako inabeba skrini ngapi.

Laptopu nyingi tunazotumia huku zina prosesa ya Intel, zile ThinkPad na EliteBook zilizotoka maofisini. Intel za kuanzia kizazi cha tatu, yaani za 2012 kuja mbele, zinabeba skrini tatu kwa mpigo, na kizazi cha 11 chenye chipu ya picha ya Iris Xe kinabeba nne. Sasa sikiliza vizuri hapa, skrini ya laptopu yenyewe nayo inahesabiwa. Kwa hiyo ukiwa na ThinkPad T480 unapata skrini yake na monita mbili, au unazima skrini yake unapata monita tatu. Ya nne haitawaka, na wala haijaharibika.

Kujua una kizazi gani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, au ingia Settings, System, About. Ukiona i5-8350U, ile 8 ya mwanzo ndo kizazi. Ukiona i5-1135G7, hapo ni 11.

Wenye MacBook msiruke, yenu iko chini na ina masharti yake.

2. Soma matundu ya laptopu.

Zungusha laptopu pande zote, washa tochi ya simu kama macho yanasumbua. Utakayoyakuta ni haya:

HDMI, hili kila mtu analijua, linafanana na la TV. DisplayPort linafanana nalo ila kona moja tu ndo imekatwa, na kuna dogo lake linaitwa Mini DisplayPort, liko kwenye ThinkPad T440 hadi T460. VGA ni lile la buluu lenye matundu 15 na skrubu pembeni, la zamani lakini bado linafanya kazi.

Halafu kuna USB-C, lile dogo lenye kingo za mviringo kama la simu mpya, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Sio kila USB-C inatoa picha. Nyingine ni ya kuchaji na data tu. Angalia alama pembeni ya tundu: ukiona kama herufi D yenye P ndani yake, hiyo ni alama ya DisplayPort, picha inatoka. Ukiona alama ya radi yenye kamshale chini, hiyo ni Thunderbolt, picha inatoka pia. Ukiona alama ya USB tu au betri tu, usiamini mpaka umetafuta jina kamili la modeli yako mtandaoni na kusoma sehemu ya matundu. Kuna laptopu hazina alama yoyote na zinatoa picha, kwa hiyo kukosekana kwa alama usikuchukulie kama hukumu ya mwisho.

Andika kwenye karatasi. Ya mdogo wangu ilikuwa T480, tukaandika: HDMI moja, USB-C mbili na moja kati yake ina radi. Maana yake tayari alikuwa na njia za kutosha monita mbili bila kununua habu wala doki yoyote, vile vidude vya kuongeza matundu.

3. Soma matundu ya monita, halafu sasa ndo chagua kebo.

Monita za ofisi za mtumba mara nyingi zina VGA, DVI (tundu jingine pana la zamani, nalo lina skrubu pembeni) na DisplayPort, HDMI wakati mwingine haipo kabisa. Kila monita ipe njia yake kutoka kwenye laptopu, monita moja tundu moja. Hizi ndo ndoa zinazokubali:

- HDMI kwenda HDMI: kebo ya kawaida.
- HDMI kwenda DVI: kebo ya kawaida, sauti tu ndo usiitegemee.
- HDMI kwenda VGA: lazima adapta yenye chipu ndani, zile fupi zenye kimkia. Zinafanya kazi vizuri tu kwa monita ya 1920 kwa 1080, yaani rezolusheni, idadi ya nukta za picha kwa upana na kwa urefu.
- DisplayPort au Mini DisplayPort kwenda HDMI: kebo ya kawaida ya aina hiyo.
- USB-C yenye picha kwenda DisplayPort au HDMI: kebo moja inayotoka moja kwa moja, mimi napenda ya DisplayPort kwa sababu haisumbui sana.

Onyo kubwa hapa: waya hizi zina mwelekeo. Kebo iliyoandikwa DisplayPort kwenda HDMI inatoa picha kutoka DisplayPort ya laptopu kwenda HDMI ya monita, ukigeuza, yaani laptopu yako ina HDMI na monita ina DisplayPort, vichwa vitaingia vizuri kabisa na hutapata picha hata ukikesha. Kwa njia hiyo ya kurudi unahitaji adapta maalumu ambayo inachomekwa na USB pembeni ipate umeme. Vivyo hivyo HDMI kwenda VGA na VGA kwenda HDMI ni adapta mbili tofauti, mwambie muuzaji laptopu yako ina nini na monita ina nini, kwa mpangilio huo huo, usiseme tu "nataka ya kuunga VGA na HDMI".

Onyo la pili, waya wa USB-C wa kuchajia simu usiutumie kwa picha. Mingi inabeba umeme na data ya polepole tu, ndani hazina nyaya za picha. Nimeona mtu anakaribia kuirudisha monita dukani kwa ajili ya hilo.

T480 tukamalizana hivi: monita ya kwanza HDMI kwa HDMI, ya pili USB-C kwenda DisplayPort. Kebo mbili, basi.

4. Kama matundu hayatoshi.

Kama laptopu ina tundu moja tu la picha kuna njia tatu, na nazipanga kwa jinsi ninavyoziamini.

Ya kwanza, habu au doki ya USB-C, kama USB-C yako inatoa picha. Zenye HDMI mbili zinatumia mfumo unaoitwa MST, unaokata njia moja ya DisplayPort kuwa njia mbili zinazojitegemea, na Windows inaukubali bila shida. Kwa monita mbili za 1080 ni sawa kabisa. Kwa 4K, zile monita zenye nukta nyingi zaidi, angalia maandishi ya kwenye boksi, habu nyingi za bei ndogo zinatoa 4K kwa 30Hz, yaani picha inabadilika mara 30 tu kwa sekunde, na mausi itakuwa inajikokota. Na kama habu inapitisha chaji, tumia chaja yenye nguvu ya laptopu yako, 65W kwa nyingi za ofisi, maana habu nayo inakula kidogo.

Ya pili, kuunga monita kwa monita. Hii inataka monita ya kwanza iwe na DisplayPort ya kuingia na nyingine ya kutoka, mfano Dell U2414H inayo. Ingia kwenye menyu ya hiyo monita uwashe DisplayPort 1.2, ila ya mwisho kwenye mnyororo iache imezimwa.

Ya tatu ni adapta za DisplayLink. Hizi zinatumia USB ya kawaida, ile ya buluu ndani, na picha inakandamizwa na programu kabla ya kutoka. Zinaokoa sana laptopu ambazo USB-C yake haina picha au ambazo hazina kabisa. Lakini lazima uweke draiva (programu ya kuiendesha) kwanza kutoka tovuti ya Synaptics, ndo wenye DisplayLink tangu 2020, na zinakula prosesa. Kwa Excel, Word na barua pepe hutahisi kitu. Kwa gemu na kuhariri video usinunue, na filamu zenye ulinzi zinaweza kuonyesha weusi mtupu.

5. Chomeka moja moja.

Usichomeke zote kwa pamoja. Washa laptopu, chomeka monita ya kwanza, washa, subiri picha itokee, ndo uende ya pili. Ukifanya hivyo ikigoma unajua moja kwa moja ni waya upi au tundu lipi. Za VGA kaza skrubu zote mbili, ikilegea utaona rangi zimegeuka za waridi au za njano.

Monita haikuonyesha kitu? Kabla hujagusa laptopu bonyeza kitufe cha menyu cha monita, tafuta Input au Source, chagua tundu ulilochomeka. Hili pekee linamaliza karibu nusu ya simu ninazopigiwa.

6. Iambie Windows itandaze.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P. Chagua Extend. Duplicate inarudia picha moja kote, ni ya projekta, na Second screen only inazima ya laptopu.

Ukiwa na monita mbili au zaidi nenda pia raiti kliki kwenye deskitopu, Display settings, uhakikishe kila boksi limewekwa "Extend desktop to this display". Mara nyingi ya tatu inaingia ikiwa imezimwa na mtu anadhani imekufa.

7. Panga maboksi kama meza yako ilivyo.

Hapo hapo kwenye Display settings utaona maboksi yenye namba. Bonyeza Identify, namba zitatokea kwenye skrini zenyewe, halafu yavute kwa mausi yakae kama zilivyo mezani. Monita ikiwa juu zaidi ya laptopu, boksi lake nalo lipandishe. Usipofanya hivi mausi itagonga ukuta upande wa kulia wakati monita iko kulia, au itatokea kwa chini unakotoka kwa juu, na inachosha kuliko mtu anavyodhani. Bonyeza Apply.

Halafu chagua monita utakayoitazama zaidi, weka tiki "Make this my main display". Hapo ndo programu zitafungukia.

8. Rezolusheni na ukubwa wa maandishi.

Kila boksi libonyeze, chagua rezolusheni iliyoandikwa Recommended. Laptopu ya inchi 14 na monita ya inchi 24 zote zikiwa 1920 kwa 1080, maandishi ya laptopu yatakuwa madogo zaidi, kwa hiyo laptopu weka Scale 125 au 150, monita iache 100. Kisha Advanced display, hakikisha ni 60Hz au zaidi. Kama una monita ya 4K na laptopu ina HDMI 1.4, kama hiyo T480, kwa HDMI utaishia 30Hz, hamisha hiyo monita iende kwenye USB-C.

9. Kama unataka kufunga kifuniko.

Control Panel, Power Options, "Choose what closing the lid does", upande wa Plugged in weka Do nothing. Upande wa betri acha ilale, usije ukaiweka kwenye begi inawaka. Na iache nafasi ya kupumua, usiifunge ukaiegemezea mto au mafaili.

Baada ya hapo pandisha monita mpaka ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooshwa. Rimu mbili za karatasi chini ya kila monita zinatosha kabisa, na shingo itashukuru.

Wenye MacBook

MacBook Air zenye chipu ya M1 na M2 zinabeba monita moja tu ya nje. Moja. Habu yenye HDMI mbili haitabadilisha hilo, na hata Mac zinazobeba nyingi hazikubali MST, kwa hiyo habu ya namna hiyo itakupa picha ileile kwenye monita zote. Air ya M3 inabeba mbili ila ya pili inawaka ukishafunga kifuniko. Air ya M4, ya 2025, inabeba mbili huku kifuniko kiko wazi. M1 Pro inabeba mbili, M1 Max nne.

Ukiwa na M1 au M2 ya kawaida na unahitaji monita mbili, njia iliyopo ni DisplayLink. Weka programu ya DisplayLink Manager, itakuomba ruhusa ya Screen Recording, mpe, bila hiyo haiwezi kuchukua picha ipeleke kwenye monita. Wengi wanaikataa kwa kuogopa, halafu wanasema adapta ni feki.

Wa Ubuntu ni rahisi: Settings, Displays, Join Displays, panga maboksi, Apply.

Ikigoma

*Monita zote zinaonyesha kitu kimoja.* Windows na P, Extend. Ikibaki hivyo hivyo na Windows inaona monita moja tu, una splita katikati, kile kidude cha vichwa viwili. Iondoe.

*Ukichomeka ya tatu, moja inazimika.* Umefika kikomo cha hatua ya kwanza. Zima skrini ya laptopu kwenye Display settings, chagua "Disconnect this display", utaona ya tatu inawaka.

*Picha inakatika katika au inameta.* Badilishana waya kati ya monita mbili. Tatizo likihama na waya, waya ni mbovu. Likibaki kwenye monita, shusha Hz kidogo ujaribu. Adapta ikiwa ya moto sana kushika, ibadilishe tu.

*Rezolusheni kubwa haipo kwenye orodha, maandishi yametanuka.* Draiva ya picha haijawekwa, hutokea sana kwa laptopu iliyopigwa Windows upya. Nenda tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, chukua draiva ya modeli yako. Kwa VGA, bonyeza pia kitufe cha Auto kwenye monita.

*Sauti imepotea.* HDMI na DisplayPort zinabeba sauti, kwa hiyo Windows imeihamishia kwenye monita ambayo pengine haina spika. Bonyeza alama ya spika chini kulia, chagua spika za laptopu.

*Umetoka na laptopu, ukifungua programu haionekani.* Imefungukia kwenye monita uliyoiacha nyumbani. Bonyeza Alt na Tab mpaka uichague, halafu shikilia Windows na Shift ubonyeze mshale wa kushoto au kulia, itarudi. Njia hii hii ndo ya haraka ya kuhamisha dirisha kati ya monita kila siku.

*Umeme umekatika ukarudi, au laptopu imeamka na monita moja ni nyeusi.* Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, skrini zitapepesa kidogo na draiva ya picha itaanza upya bila kufunga kazi zako. Isipokubali chomoa waya wa umeme wa hiyo monita, hesabu hadi 30, rudisha. Doki nayo hivyo hivyo, ichomoe kwenye umeme kabisa, sio kwenye laptopu tu.